Jangwa la Sebuleni

Hamira alikuwa mwokaji wa mikate, na kama waokaji wengi alikuwa na ugomvi wa kudumu na mchana. Jua likichomoza, yeye anavua aproni. Jua likizama, yeye anaivaa. Katikati hapo aliuchapa usingizi katika chumba cha nyuma chenye pazia zito, na nyumba nzima ilikuwa imejifunza kuishi kama wezi. Sufuria hazikugongana, mlango haukubamizwa, na aliyetaka kupiga chafya alitoka nje kwanza. Jina la Hamira alipewa na majirani, nalo wala halikumkera. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye unga hadi kwenye nyusi, na mikate yake ilisifiwa na kila mtu isipokuwa mama mkwe wake, ambaye hakuwahi kusifu kitu chochote kilichoguswa na mkwewe.

Tabu ni kwamba usingizi ulimfuata Hamira hata pale asipoualika. Harusini alilalia bega la mjomba wa bwana harusi, mtu asiyemfahamu hata kwa sura. Msibani kwa jirani alisinzia kwa utulivu mkubwa hivi kwamba watu walimsifu kwa jinsi alivyoinamisha kichwa kwa majonzi. Hayo yote yangepita. Lakini siku ya kutoa zawadi shuleni kwa binti yake mkubwa, alikaa mstari wa mbele, karibu kabisa na kipaza sauti, na wakati binti anaitwa jukwaani kupokea zawadi ya hisabati, ukumbi mzima ulisikia mkoromo ukipita kwenye spika kubwa kama lori linalopanda mlima. Mwalimu mkuu alinyamaza kusubiri lipite. Binti alipokea zawadi yake macho chini, na kwa muhula mzima wenzake wakawa wanamwita Lori. Watu walicheka sana, na mimi nikikusimulia nacheka, lakini binti hakucheka.

Basi mwaka huo ikaja habari njema. Mdogo wa mkewe Hamira, ambaye watoto walimwita Mama Mdogo, alikuwa akiishi ughaibuni katika mji wa jangwani, akisimamia usafi kwenye hoteli. Wenzake waliopanga naye nyumba walikuwa wanakwenda likizo, nyumba ingebaki tupu, naye akawaalika wote, wazazi na watoto. Kasoro ilikuwa moja tu: nyumba ingekuwa wazi msimu wa joto kali, wakati ambao wenyeji wenyewe wanautoroka mji wao.

"Joto gani?" Hamira alijipiga kifua. "Mtu anayeshinda mbele ya tanuri utamtisha na jua?"

"Wewe umezoea," mkewe akamjibu. Alikuwa msusi, na alikuwa na desturi ya kuzungumza huku amebana chanuo kwa meno, kwa hiyo kila alichosema kilisikika kama onyo. "Watoto si mikate, Baba Watoto. Huwezi kuwaingiza tu halafu ukasubiri waive."

Mipango ikaanza. Kila jioni, kabla Hamira hajaondoka kwenda kazini, simu iliwekwa katikati ya meza na wote wakainama kusikiliza ujumbe wa sauti wa Mama Mdogo, ambaye alizungumza kwa haraka kama mtu anayekimbiwa na basi.

"Dada, nisikilizeni vizuri! Huku na watoto mnatoka alfajiri, jua likiwa bado changa. Likipanda tu, ndani! Mapazia chini, maji mdomoni, mtu asiniambie anataka kuona mji. Mji hauendi popote. Jioni ndiyo mnatoka tena, mwende bustanini, mwende kuogelea, mwende kwenye maduka makubwa. Na msisahau masweta!"

Mmoja wa mapacha, watoto wao wa katikati, akadhani simu imeharibika. "Masweta? Jangwani?"

"Viyoyozi vya madukani," sauti ikaendelea, kama iliyomsikia. "Baridi ya mle ndani itawatoa kamasi. Nje unaiva, ndani unaganda. Mtanikumbuka."

Mapacha wakaanza kuvaa masweta siku hiyo hiyo, kwa mazoezi. Kitindamimba, ambaye alikuwa bado hajaanza shule, akamvalisha mdoli wake. Bibi, yaani mama mkwe wa Hamira, alikuwa ameshatangaza kwamba yeye hatoki. Jua la hapa lilikuwa likimtosha, na ndege zilitengenezwa kwa ajili ya watu wenye haraka. Akabaki kuwa mshauri wa msafara, cheo alichojipa mwenyewe.

Binti mkubwa ndiye aliyetia mchanga kwenye kitumbua. Alikuwa amemaliza shule, na baada ya likizo hiyo angekwenda chuo cha mbali. Hamira alikuwa amejiwekea moyoni kwamba hii ndiyo safari yao ya kwanza na huenda ya mwisho wakiwa wote pamoja, na alikuwa akiipanga kwa ajili yake zaidi ya mtu mwingine yeyote, ingawa hakuwahi kumwambia. Binti akasikiliza ujumbe wote wa Mama Mdogo, akanywa maji, akasema:

"Nendeni salama. Mimi nitabaki na Bibi."

Chanuo kilitoka mdomoni mwa msusi.

"Kwa nini, mama?" Hamira akauliza. Alimwita mama kila alipotaka kumbembeleza.

"Kwa sababu najua itakavyokuwa, Baba. Tutapanda ndege, utalala. Tutafika, utalala. Tutakwenda bustanini, tutakuacha kwenye benchi tukulindie viatu. Kulala unaweza kulala hapa hapa. Sioni sababu ya kukupeleka jangwani."

Hakusema kwa ufidhuli. Alisema kama mtu anayesoma bei ya sukari, na hilo ndilo lililomchoma Hamira hadi kwenye mfupa. Angetukanwa angejua la kujibu. Basi akatoa ahadi ambayo hakuna mwokaji mwenye akili timamu angeitoa.

"Nipe siku moja. Asubuhi mpaka jioni. Nisiposinzia, utakuja?"

Binti akamtazama. "Siku nzima?"

"Nzima."

"Basi tufanye safari ya majaribio," msusi akadakia, kwani alikuwa mwanamke wa vitendo na tayari alikuwa ameliona hilo kuwa suluhisho la mambo mawili kwa mpigo. "Jumapili. Tutaishi hapa hapa kama tuko kule. Alfajiri nje, mchana ndani mapazia chini, jioni nje. Tuone watoto wanaliweza joto, na tuone baba yao anaweza kufumbua macho."

Habari hiyo ilimpendeza Bibi kupita kiasi. Jioni hiyo hiyo aliwaita mapacha pembeni na kufungua mchezo wa dau, malipo yakiwa peremende. Yeye alisema mkwewe atalala kabla ya jua la utosi. Pacha mmoja akasema atalala baada ya chakula. Mwingine akasema atalala akiwa bado anatafuna. Kitindamimba peke yake ndiye aliyesema Baba hatalala, lakini huyo hakuwa ameuelewa mchezo, kwa hiyo walimruhusu.

Jumamosi Hamira alikuwa na zamu ya mapumziko. Alipanga alale kama mtu, aamke mapema, awe mbichi kama mchicha. Lakini mwenzake wa tanurini akaugua tumbo ghafla, tajiri akapiga simu, na mtaa lazima ule mkate. Alirudi nyumbani alfajiri akiwa na mfuko wake wa kazi begani na macho mekundu, akaikuta familia yote mlangoni imevaa kofia pana, kila mmoja na chupa yake ya maji.

"Tuahirishe," msusi akasema kwa huruma.

Binti mkubwa akaanza tu kuvua kofia yake, taratibu, kama mtu aliyekwisha kulitarajia hilo.

"Nani kasema tuahirishe?" Hamira akapaza sauti. "Kofia yangu iko wapi?"

Wakaenda kwenye uwanja wa mpira nyuma ya nyumba, ambao msusi aliutangaza kuwa bustani ya jangwani. Mapacha walikimbia na masweta yao mpaka wakaanza kutoa harufu ya mbwa aliyenyeshewa. Kitindamimba alikunywa maji yake yote kabla hawajafika, akataka kwenda haja, akapelekwa, akarudi akataka maji. Hamira alitembea. Alitembea wima, mikono nyuma, akitabasamu kwa kila kitu, mpaka alipokwenda moja kwa moja akaugonga mlingoti wa goli kwa paji la uso.

"Samahani, mzee wangu," akauambia mlingoti kwa heshima zote.

"Amelala!" mapacha wakapiga kelele. "Amelala huku anatembea! Mama, umeona?"

Msusi, ambaye alikuwa refa, akafikiri. "Mtu anayetembea hajalala," akaamua. "Na mtu anayeomba radhi hajalala. Tuendelee."

Binti mkubwa alikuwa amegeuka upande wa pili. Mabega yake yalikuwa yakitikisika, na Hamira hakujua kama ni hasira au kicheko. Akajikaza kisabuni.

Jua lilipopanda wakarudi ndani, na hapo ndipo safari yenyewe ilipoanza. Msusi alishusha mapazia yote ya sebule na kufunga madirisha, kwa sababu Mama Mdogo alisema upepo wa mchana wa kule ni kama pumzi ya tanuri. Alichosahau ni kwamba Mama Mdogo ana kiyoyozi, na wao walikuwa na bati. Bati likaanza kulia ka, ka, ka. Joto likashuka kutoka juu likakaa nao kama mgeni asiyejua kuaga. Wakala mikate na matunda, wakalaza mikeka sakafuni, wakajinyoosha wote kwa mstari, isipokuwa Hamira, aliyeketi kwenye kigoda kisicho na mgongo alichokichagua mwenyewe, kwani alijua kwamba akiegemea kitu chochote mambo yamekwisha.

Bibi akaona wakati wake umefika. Kwanza alileta kikombe cha maziwa ya moto yenye sukari nyingi. "Kunywa, mwanangu. Umefanya kazi usiku kucha." Katika miaka yote ya ndoa hiyo hakuwahi kumwita mwanangu. Hamira akashukuru kwa adabu, akampa kitindamimba. Kisha Bibi akaleta mto. Mto wake mwenyewe wa manyoya, ule ambao hata mjukuu mgonjwa haruhusiwi kuugusa. "Weka tu hapo mgongoni, usiumie." Hamira akaupokea kwa mikono miwili na kuuweka juu ya kabati. Basi yule mama akaona atumie silaha nzito. Alijilaza mkekani, akafumba jicho moja, akaanza kuimba kwa sauti ya chini wimbo wa kubembelezea watoto, pole pole, ule uliowalaza watoto wake wote na wajukuu wote.

Wimbo ulifanya kazi. Kitindamimba aliondoka wa kwanza, midomo ikiwa bado na maziwa. Mapacha walifuatana, mmoja akiwa katikati ya neno. Msusi alisema, "Nafumba macho tu, nasikia kila kitu," akawa hasikii chochote. Halafu, katika ubeti ambao hata yeye mwenyewe aliupenda, Bibi naye akapitiwa na usingizi. Binti mkubwa ndiye aliyekaa muda mrefu, ameegemea kiwiko, anamtazama baba yake kama askari wa zamu. Kope zikamzidi nguvu. Kiwiko kikateleza.

Hamira akabaki peke yake, na hapo ndipo alipoelewa kwamba hakuna aliyekuwa akimwona. Angeweza kulala. Angelala kidogo, aamke kabla yao, ajipanguse mdomo na kusema, "Mmelala sana!" Nani angejua? Mwili mzima ulimsihi. Shingo ilikuwa ya uji. Alijifinya paja, akajing'ata kidole, akajaribu kuhesabu misumari ya dari na ikaanza kucheza. Akasema nilale, halafu akasema hapana, halafu akasahau alikuwa akibishana kuhusu nini.

Akateremsha macho yasije yakajifumba, na macho yakaangukia kwa watoto.

Walikuwa wamekauka. Midomo ya kitindamimba ilikuwa na ukoko mweupe, na nywele zimeganda kwenye paji kwa jasho. Mtu mwingine angefungua dirisha. Hamira hakuwaza dirisha hata kidogo. Miaka yote ya kazi yake alikuwa akijua jambo moja kuhusu kitu laini kilicholazwa mahali pa joto: kifunike kwa kitambaa kibichi, la sivyo kitapasuka ngozi. Na vitambaa alikuwa navyo, ndani ya mfuko wa kazi, vitambaa vyeupe vya kufunikia madonge ya unga. Akavichovya kwenye ndoo, akavikamua, akamfunika kitindamimba kuanzia shingoni. Mtoto akashusha pumzi ndefu. Akawafunika mapacha. Akamfunika binti, akamfunika mkewe. Kwa mama mkwe akasita, maana heshima ni heshima. Mwishowe akasimama mbali, akageuza uso, akakirusha kitambaa kama mtu anayetupa wavu, kikamwangukia vizuri kabisa, isipokuwa kilimfunika na uso.

Kisha akarudi kwenye kigoda. Kila kitambaa kilipokauka alikichovya upya. Na kati ya kukauka na kuchovywa aliwatazama, na alipowatazama usingizi ukamtoka, bila yeye kujua umekwenda wapi. Akakaa hivyo mpaka mwanga wa pembeni mwa pazia ukawa wa njano, halafu wa rangi ya chungwa. Jioni ya kwenda kuogelea na bustanini ilikuwa inapita, na hakumwamsha mtu.

Bibi aliamka wa kwanza. Akafumbua macho akaona weupe. Akasikia ubaridi na unyevu, na ukimya. Akakiinua kitambaa kwa vidole viwili, akageuza kichwa, akaiona familia yote imelazwa kwa mstari, imefunikwa vitambaa vyeupe.

"Nimeshafika?" akauliza kwa sauti ndogo ya adabu. Kisha akamwona mkwewe juu ya kigoda. "Na huyu naye yuko huku?"

Yowe lililofuata liliwaamsha watu wa mtaa mzima. Msusi aliruka, mapacha wakagongana vichwa, kitindamimba akalia kwa sababu wengine wanalia. Vitambaa vilikuwa na vumbi la unga, na unga umelowa, kwa hiyo kila aliyeketi alikuwa mweupe na wa kunata. Mapacha walipoonana walipiga kelele upya.

"Nywele za mtoto nimezisuka jana siku nzima!" msusi akabwata, akimshika binti kichwa. "Ulitaka kuzikanda?"

"Mlikuwa mnakauka," Hamira akajitetea.

"Hicho si kitu," pacha mmoja akasema alipopata pumzi, maana peremende haziachwi hivi hivi. "Tulilala wote. Nani shahidi kwamba Baba hakulala?"

Ilikuwa kweli. Katika nyumba nzima hapakuwa na shahidi hata mmoja. Wote wakamgeukia refa, na refa akainua mikono juu. Binti mkubwa alikuwa akijipangusa ujiuji mashavuni. Uso wake ulikuwa umeanza kurudi pale pale pa zamani, pa bei ya sukari, na Hamira alipouona moyo ulimshuka kabisa.

"Wewe ulisaga meno," akamwambia yule pacha. "Mwenzako alikuwa anaomba pasi. Aliomba mara nyingi sana, hukumpa. Mtoto analala amepandisha matako juu, akigeuzwa anarudi. Mama yenu anashika sikio lake mwenyewe." Hakumtaja mama mkwe, ingawa alikuwa na mengi ya kusema.

Msusi alimtazama mumewe, akaitikia kwa kichwa polepole. "Ni kweli," akawaambia watoto. "Ndivyo mnavyolala. Ndivyo mnavyolala siku zote."

"Na mimi?" binti akauliza.

"Wewe ulicheka. Umelala hivyo, ukacheka kwa sauti." Hamira akatazama mikono yake. "Sikujua kwamba unacheka usingizini."

"Kwa nini hukutuamsha? Jioni imepita yote."

"Nilikuwa natazama."

"Watu waliolala? Kuna nini cha kutazama?"

"Mimi sijawahi kuwaona mmelala," Hamira akasema. "Mkilala, mimi niko kazini."

Binti akafungua mdomo kumjibu haraka, kama kawaida yake, lakini jibu lenyewe lilipomfikia ulimini lilimshtua. "Na sisi," akasema, "tumekuona umelala tu."

Hakuna aliyecheka, hata Bibi. Hamira aliona aibu, na chini ya aibu aliona uchungu wa miaka mingi, na machozi yakamtoka waziwazi mbele ya mama mkwe wake, jambo ambalo si la heshima kabisa. Alitaka kusema neno. Alimgeukia binti, akaanza, "Mama, mimi..." na hapo hapo, mdomo wazi, machozi bado mashavuni, akalala. Alilala akiwa ameketi wima juu ya kigoda kisicho na mgongo, na lori likaanza kupanda mlima.

"Amelala!" mapacha wakaruka. "Amelala kabla giza halijaingia! Bibi, amelala!"

"Nyamazeni," binti akasema. Alikuwa ameshafika, amemshika baba yake bega asianguke. Alimsogeza, akamlaza mkekani mahali alipokuwa amelala yeye, kisha akaichukua simu ya mama yake mezani na kuiweka karibu na mdomo wake kurekodi ujumbe.

"Mama Mdogo, shikamoo. Tunakuja wote, na mimi pia. Halafu nilikuwa naomba kitu. Baba usimpe chumba chake peke yake. Atalala na sisi."